Mwongozo Usio na Jina la Mwamvua

Cornel alichukua kazi ya Mwamvua akaiita yake, kisha makosa yake mwenyewe akamtwika Mwamvua. Ilikuwa Shinyanga mjini, mwaka 1976.

Mwamvua alifagia maktaba ya elimu ya watu wazima. Kusoma hakujua, ila kadi za vitabu alizijua kama vidole vyake. Zilikuwa na matundu pembezoni: hili maji, hili mifugo, hili uzazi. Tundu linalohusika hukatwa mpaka ukingoni likabaki wazi. Ukitaka vitabu vya maji, unapitisha sindano ya kufumia kwenye tundu la maji la fungu zima, unainua, na kadi za maji zinadondoka zenyewe.

Tabu ilikuwa mwongozo ulioandikwa wa kutafutia vitabu. Huo uliweka kitabu cha lambo, bwawa la kunyweshea mifugo, chini ya kichwa cha ujenzi. Msukuma gani atatafuta lambo kwenye ujenzi? Wafugaji walirudi mikono mitupu.

"Kaka Cornel," Mwamvua akamwambia mkutubi, "mwenye lambo ana ng'ombe, na ng'ombe wana kiu. Kata maji, kata na mifugo. Halafu kila mstari wa mwongozo uchorewe matundu yake ubavuni."

Miezi mitatu Cornel alimsomea vitabu, Mwamvua akaonyesha matundu ya kuchora.

"Dada, ungesoma wewe, mimi ningeshika ufagio!" Cornel alicheka.

Kisha Limi, bintiye Mwamvua, akajifungua hospitali ya Kolandoto. Mama akaenda kumuuguza wiki mbili. Huku nyuma Cornel akakata kadi mpya kwa haraka, akifuata orodha ya zamani ya matundu, si ile ya Mwamvua. Siku Mwamvua aliporudi, mkaguzi wa maktaba alikuwa amefika, ameshika sindano.

"Bwana Cornel, nimeomba uzazi, umeniangushia mbolea!"

"Ni huyu mama wa ufagio, mzee. Hajui hata a."

"Kweli, mama?" mkaguzi akauliza.

Cornel ndiye aliyemsomea barua za mumewe kutoka machimbo ya Geita. Mwamvua akaona haya kumuumbua.

"Nisameheni," akasema.

Neno hilo analijutia mpaka leo. Ijumaa akaachishwa kazi. Mwongozo ukapigwa chapa, na matundu ubavuni vilevile alivyoyapanga, jina la Cornel peke yake juu. Cornel akapandishwa cheo, akahamia Mwanza.

Mwamvua anamdai mambo mawili. Amwambie mkaguzi yule kwamba kadi alizikata yeye. Na jina la Mwamvua liandikwe kwenye mwongozo, hata kama mwenyewe hataweza kulisoma.