Kigingi Nilichokisogeza

Kuna wakati niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba kompyuta hula ardhi. Msicheke kwanza. Juzi nilipoletewa habari kwamba jirani yangu wa zamani kule mtaa wa Ziwani, mpima ardhi, amefariki kwao Ukambani na amekwisha kuzikwa, uvumi huo ndio ulionijia kabla hata ya machozi. Niliupata miaka ile ya themanini ikianza, kwa seremala mmoja wa Makongeni, mtu ambaye akikuambia jua limechelewa unarekebisha saa yako. "Buda," aliniambia, "mpima akishapima, anapeleka namba mjini kwa mashine. Zikitoka, si zile alizopeleka. Zimepungua hapa, zimeongezeka pale. Sasa jiulize, hiyo tofauti imeenda wapi?" Nami, mhitimu wa masomo ya jioni, niliyejua kutoa na kujumlisha kuliko nusu ya Nairobi, nikajiuliza. Nikajijibu: imeliwa.

Wakati huo tulikuwa kundi la watu tulionunua pamoja kipande cha shamba upande wa Embakasi, na jirani yangu ndiye ambaye ofisi yake ilimtuma kutukatia viwanja. Changu kilikuwa cha kona, na kwa jinsi mke wangu alivyokwisha kupanga jiko, kuku na chumba cha mama yake, kilikuwa kikubwa kuliko uwanja wa ndege. Jirani alizunguka na darubini yake ya miguu mitatu, kutoka kigingi hadi kigingi, akisoma pembe, akinyoosha utepe wa chuma, akiandika kitabuni, ili mwishowe arudi pale pale alipoanzia. Jumamosi aliishia kwenye kigingi cha kona yangu, Jumatatu aendelee kutoka hapo. Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, nilikwenda nikaking'oa na kukichomeka hatua moja nje, ndani ya njia itakayopita. Mashine ikila hatua moja, nitabaki na changu kamili. Kisha nikaenda kanisani, nikaimba kuliko kwaya nzima.

Siku chache baadaye jirani akaacha kupita kwangu kunywa chai. Mke wake ndiye aliyemweleza wangu: mzunguko umekataa kufunga. Hesabu zinasema kwamba alipomaliza hakurudi alipoanzia, amepotea karibu mita nzima. Mkubwa wake amempa mpaka Ijumaa. Asipoonyesha kosa lilipo, atafute kazi kwingine. Siku tatu nilimwona akirudi na ule udongo mweusi wa Embakasi, unaoweza kumvua mtu viatu, soksi na jina la ubatizo. Jumatano nilimwita, nikammiminia chai, nikamuuliza kwa sauti ya malaika, "Si uiachie mashine irekebishe? Nasikia inarekebisha."

"Inarekebisha, jirani. Lakini hili ni kubwa. Nikilipitisha, itawagawia watu wote. Yule mama mjane aliye katikati atasogezewa mpaka kwa kosa asilolijua. Hapana. Afadhali nifukuzwe."

Nikakiweka kikombe changu chini. "Kigingi cha kona," nikasema. "Ni mimi."

Alinitazama kama anayesoma pembe. "Wewe! Na mimi nimemgombeza mshika utepe wangu siku tatu, mzee wa watu! Kesho utakuja umwombe msamaha. Na huo utepe utaushika wewe."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa hatua moja. Niliirudisha kwa mikono yangu mwenyewe, matope hadi magotini, yule mzee mshika utepe akiwa amekaa juu ya jiwe akinisimamia: "Nyoosha, mkubwa! Nyoosha, usiubembeleze!" Ijumaa mzunguko ulifunga na kazi ya jirani ikapona. Katika kitabu chake aliandika tu kwamba kigingi kilihamishwa, kikarudishwa. Jina langu hakuliandika popote, nami leo silitaji lake. Siku hizi naona kompyuta zinafanya hesabu hizo kabla hujapiga chafya, na bado watu wananong'ona kuzihusu vile vile tulivyonong'ona sisi. Mimi nimejifunza kutoogopa mashine. Namwogopa mtu anayefanya ujanja wake, kisha anataka ugawanywe kwa wote uonekane mdogo. Nimewaona katika vyama, katika kamati za makanisa, hata mezani kwangu nikiwa nimekaa peke yangu.

Jambo moja nililibakiza. Jioni ile ya Ijumaa alinionyesha karatasi ya mashine, nami nikaona bado kuna tofauti ya upana wa kidole gumba. Nikaidaka kama polisi. "Na hii je? Si ndiyo inayoliwa?"

"Hiyo ni yetu sote," alisema. "Utepe hurefuka juani, jicho huchoka, mkono hutetema. Mashine inaigawa kwa mistari yote, mrefu upate zaidi, mfupi upate kidogo, mpaka mwisho ukutane na mwanzo."

"Na ardhi inayopungua?"

"Ardhi haijapungua, jirani. Iko pale pale. Tuliokosea ni sisi tulioipima."