Baba na Vifungu vya Mtihani

Nilipomaliza kidato cha nne, mwalimu wangu wa kemia alinipa kitabu kinene kilichopoteza jalada. Aliniambia kuna mtihani unaofanywa kwa kompyuta, na kwamba vyuo vikuu vingi vya ng'ambo huuangalia kabla ya kumpa mwanafunzi nafasi. Hakunisukuma. Alisema tu kwamba mimi huuliza maswali mengi kuliko muda wa kipindi, na labda huko kuna watu wenye muda. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, kitambulisho changu kimetoka juzi, na matokeo yangu ya shule yalikuwa mazuri ya kutosha kunitia kiburi kidogo.

Tuliishi kwenye laini za nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, nje kidogo ya Kericho. Baba alikuja huku akiwa kijana kutoka upande wa Kisii kuchuma chai, baadaye akapelekwa kiwandani kulisha boila kuni. Aliachia masomo darasa la sita. Kiswahili alikimudu, Kipsigis alijifunza kwa majirani, lakini Kiingereza alijua kile cha kuandikwa ukutani: fungua, funga, hatari.

Kujiandikisha nilienda saiba mjini, duka la kompyuta za kukodi. Mwenye saiba alikuwa mama mmoja mtaratibu aliyefuma sweta kati ya mteja na mteja. Alinipiga picha mbele ya ukuta mweupe, akaifuta, akanipiga nyingine kwa sababu fomu ilitaka masikio yaonekane. Kwenye majina tulikwama, maana cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa na herufi moja zaidi ya kitambulisho. Akaniambia nifuate kitambulisho, kwa kuwa ndicho nitakachoonyesha mlangoni.

Halafu fomu ikatumia neno moja la Kiingereza ambalo shuleni tulifundishwa maana yake ni malazi. Waliuliza kama nitayahitaji. Kituo cha karibu chenye nafasi kilikuwa Nairobi, na mimi Nairobi sikuwa na mtu, kwa hiyo nilibonyeza ndiyo, nikishangaa moyoni jinsi watu hawa walivyo wakarimu. Ukurasa uliofuata ukadai barua ya daktari. Mwenye saiba aliweka sweta chini, akavuta kiti, tukasoma pamoja mara tatu.

"Hii si mambo ya kulala," akasema mwishowe. "Wanauliza kama uko na shida ya macho, ama ya mkono, ndio wakuongezee dakika."

Tukarudi nyuma, tukabonyeza hapana. Nilienda nyumbani nikijiuliza ni maneno mangapi mengine ninayoyajua upande mmoja tu.

Maandalizi yenyewe nilianza peke yangu. Hesabu hazikunisumbua. Lililonishangaza lilikuwa upande wa kusoma. Shuleni tulizoea ufahamu wa ukurasa mzima, wenye mwanzo na mwisho. Hapa walikupa vifungu vifupi mno, vingine mistari sita tu, na kila kimoja swali moja. Umemaliza, unaruka kwenye kingine kisichohusiana nacho kabisa: nyota, kisha mchoraji, kisha samaki.

Baba akiwa shifti ya asubuhi alifika nyumbani saa nane na nusu. Mvua yetu hupenda kuja mnamo saa kumi, na ikipiga mabati huwezi kumsikia mtu aliye kando yako. Kati ya hapo tulikuwa na saa moja na kitu. Alikaa mlangoni na kikombe chake, akaniuliza ninasoma nini, nikamtafsiria ili tu nisionekane namnyima. Kifungu kilihusu mwanamke aliyerudi kwenye nyumba ya marehemu dada yake baada ya miaka mingi. Ameshika ufunguo, nyumba haina mtu, lakini anaona taa inawaka jikoni. Hapo ndipo kilipokatika. Swali lilitaka neno moja linalofaa kwenye pengo.

Nikamsomea majibu manne. Baba hakuyasikiliza.

"Nani aliwasha taa?" akauliza.

Nikamwambia kifungu hakisemi. Akaniambia nifungue ukurasa unaofuata. Nikamwonyesha kwamba ukurasa unaofuata ni habari za chumvi baharini. Akachukua kitabu, akageuza kurasa mwenyewe, mbele na nyuma, kama fundi anayetafuta skrubu iliyoanguka.

"Basi waliiweka ya nini?"

Nilieleza kwamba wanataka kuona kama naelewa maneno. Akasema mtu hawezi kuelewa maneno ya habari kama hajui iliishaje. Kesho yake alipotoka kazini, kabla hata hajavua viatu vya gambuti, aliniambia amefikiria, na anaona ni jirani aliyewasha, jirani aliyekuwa akiitunza nyumba siku zote bila kuambiwa. Wenzake wa kwenye boila walikuwa wamegawanyika. Mmoja alisema ni mume wa marehemu.

Tangu siku hiyo nilisoma naye. Niliyaweka maswali ya hesabu asubuhi, vifungu nikaviacha vimngoje. Baadhi alivipuuza. Vingine alivibeba kwenda navyo kazini. Kulikuwa na kimoja cha watafiti waliogundua kwamba ndege wa mjini huimba kwa sauti ya juu zaidi kuliko wa msituni, kwa sababu ya kelele za magari. Baba akaniomba nirudie. Baada ya siku tatu hivi alikuja na ripoti. Juu ya paa la jengo la kunyaushia majani, ambako feni hunguruma karibu mchana kutwa, kulikuwa na ndege mdogo mwenye kifua cheupe na mkia usiotulia. Baba alikuwa amemsikiliza wakati wa mapumziko. Ndege yule hakupandisha sauti. Alinyamaza feni zikiwaka, na zikizimwa tu, alianza.

"Hao watafiti wa kwako hawakufika kwetu," akasema.

Nilienda kusikiliza mwenyewe, nikisimama nje ya ua wa kiwanda siku mbili. Siku ya kwanza ilikuwa kama alivyosema. Siku ya pili ndege aliimba feni zikiwaka, tena sana. Nilipomwambia, baba hakukasirika. Alifurahi kuliko mwanzo, akataka kujua ilikuwa saa ngapi na upepo ulitoka wapi.

Siku za mtihani zilipokaribia nilienda Londiani, alikokuwa amehamishiwa yule mwalimu wa kemia, akaniazima kompyuta yake ya mkononi. Alinionyesha jinsi ya kuhamisha mshale kwa kidole, maana mimi nilizoea simu, akanikumbusha kuwa sehemu ya pili ya mtihani hubadilika kulingana na ulivyofanya ya kwanza. Ukifanya vizuri, inakuwa ngumu. Sikulala vizuri kwa kulifikiria hilo. Nilitaka sana kuona ile ngumu.

Mama alinitafutia pa kulala Nairobi, kwa mshirika wa kanisa letu aliyehamia huko. Kituo kilikuwa shule ya kibinafsi yenye madirisha makubwa na zulia darasani. Sikuwa nimewahi kuona zulia darasani. Msimamizi aliangalia kitambulisho changu, akaangalia uso wangu, akanionyesha meza.

Nilianza vizuri. Katika sehemu ya pili ya kusoma nikakutana na kifungu cha mwanamume aliyemwandikia kaka yake barua ndefu, akaikunja, akaitia kwenye bahasha, kisha akaamua kutoituma. Swali lilikuwa rahisi, nililiona jibu mara moja. Lakini nilibaki pale. Kaka alikuwa amefanya nini? Barua ilikuwa ya kuomba msamaha au ya kuudai? Nilipotazama saa kwenye kioo cha kompyuta, dakika tatu zilikuwa zimekwenda. Maswali manne ya mwisho niliyabahatisha.

Hesabu ziliniendea vizuri sana.

Matokeo yalikuja baada ya wiki mbili, nikayafungulia kwenye simu nikiwa uani. Alama za hesabu zilikuwa za juu, za kusoma za kawaida. Kwa vyuo vya nje vinavyomlipia mwanafunzi kila kitu, hazingetosha. Nilikaa muda kabla ya kumwambia baba, kwa kuwa niliogopa atajilaumu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza habari za alama. Aliomba kuona maswali niliyokosa.

"Hawaonyeshi, baba. Wanatoa alama tu."

"Hawaonyeshi hata moja?"

"Hata moja."

Hilo ndilo lililomuuma. Aliinuka, akaenda hadi kwenye ua, akarudi. "Sasa mama," akaniuliza, "utajuaje ulipokosea?"

Nikamweleza habari ya ile barua ambayo haikutumwa, yote niliyoikumbuka, na tukaizungumza mpaka mvua ikaanza. Mwezi wa tisa nilijiunga na chuo kikuu cha hapa nchini, kusoma biolojia.