Siku Mlima Uliposhuka Bijombo

Nilipokuwa mtoto, likizo za shule zilinitoa Kilibula, mjini Uvira, zikanipandisha hadi Bijombo kwa bibi yangu mzaa mama. Pembeni mwa nyumba yake, kwenye kilima kidogo, palikuwa na kipande cha nyasi kisichoguswa na jembe. Humo vilizikwa vitovu vya watoto wote wa ukoo, changu pia. Siku ya kwanza alinisimamisha pale, akaiambia ardhi jina langu, kama mtu anavyomtambulisha mgeni kwa mwenye nyumba. Mwili ulinisisimka. Nilihisi kuna anayesikiliza.

"Huu mlima iko na wenyewe," alisema. "Ukiukata bila kuomba, utashuka."

Mjomba Deo, kitinda mimba wake, hakuomba. Alitaka nyumba ya matofali kabla ya kuoa, akawa anachimba udongo kwenye mteremko nyuma ya nyumba, mpaka pakawa na ukuta mwekundu uliozidi kimo chake. Bibi alimkataza, yeye akacheka tu. Mimi niliacha kabisa kupita huko nyuma; niliona kama ule ukuta unapumua.

Ikaja mvua isiyokatika. Mchana mmoja, tukimenya viazi, Bibi alisimamisha kisu.

"Weye, unasikia kijito?"

Sikusikia kitu. Kijito kilichokuwa kikinguruma karibu na mlango kilikuwa kimekauka, na mvua bado inanyesha. Bibi alinishika mkono, tukakimbia bila viatu hadi kwenye zile nyasi. Mjomba alibaki nyuma ya nyumba, akifunika matofali yake kwa turubai.

"Deo! Toka huko!"

"Mama, minye ninamaliza!"

Hapo Bibi akaita jina ambalo sikuwahi kulisikia, lile alilompa siku kitovu chake kilipozikwa.

"Byamungu!"

Sauti yake ilipasuka. Mjomba akaacha turubai, akaja amenuna, maana jina lile halikuitwa bure. Alikuwa bado hajatufikia mlima ulipotoa mlio kama lori linalomwaga mawe. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, nyumba haikuwapo. Mjomba alikuwa amepiga magoti kwenye tope, akilia, "Mama, Mama."

Siku hizi najua wanavyoeleza wataalamu: mteremko umekatwa, maji yamezibwa njia. Ninawaamini. Lakini ninachokumbuka zaidi ni mkono wa Bibi. Ulikuwa wa baridi, ukitetemeka kuliko wangu. Nilidhani anayeujua mlima hauogopi. Kumbe yeye aliishi juu yake maisha yote akiuogopa, kama mtu anavyomwogopa mzazi anayempenda, na ni woga huo uliomfanya asikie. Wanangu nimewalelea mjini. Sijui nitawafundishaje kuogopa namna ile.