Turubai la Wasichana

Juzi fundi wa paa alitandaza turubai lililolowa uani kwangu, na harufu yake ya nta na vumbi ikaniinua kitini. Tangu hapo sijatulia.

Nilipokuwa msichana, baba alikuwa na duka Tabora mjini. Mwalimu wetu wa kike alipopita kuomba msaada ili wasichana wa shule wakapige kambi porini, upande wa Kipalapala, baba alimpa turubai jipya, mchele na sufuria.

"Nami nitakwenda?" nikauliza.

"Wewe utabaki na mama yako."

Wiki ile sikutulia. Nilitoka uani, nikarudi ndani, nikachungulia barabarani, na kila niliposhika kushona nilijichoma sindano. Mama alinitazama tu. Asubuhi ya safari, wenzangu walipopita wakiimba, alivaa buibui lake akanishika mkono.

"Mnakwenda wapi?" baba akauliza.

"Bwana, wewe umetoa turubai. Mimi namtoa mtoto, na nitalala naye huko huko."

Baba akaingia dukani akamletea taa ya chemli.

Porini, kati ya miti ya miombo, majani makavu yalivunjika chini ya miguu yangu. Nilikimbia mpaka pumzi zikaniishia. Nilipogeuka nilimwona mama, viatu mkononi, buibui amelikusanya kiunoni, ananifuata mbio huku akicheka. Sikuwahi kumwona mama akikimbia. Nikaanza kukimbia tena, maana sikutaka asimame.