Mama Kwa Kifupi na Maua ya Wakili

Katika jengo lile la mahakama, mwenye kiti kirefu alikuwa hakimu, wenye majoho walikuwa mawakili, na mwenye mdomo alikuwa Mama Kwa Kifupi. Kazi yake ilikuwa ukalimani. Hakimu na mawakili walizungumza Kiingereza, kwa sababu sheria iliandikwa kwa Kiingereza na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuiandika upya. Wenye kesi walizungumza Kiswahili, kwa sababu ndicho walichotumia kugombana. Yeye alisimama katikati, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua, akipokea maneno ya huku na kuyapitisha kule kama mtu anayepitisha sahani dirishani.

Ila sahani zake zilikuwa na tabia ya kufika zimepungua. Wakili angesema robo saa nzima, mikono hewani, jasho shingoni, kisha mama wa watu angewageukia wenye kesi na kusema, "Kwa kifupi, hana shahidi." Wenye kesi wangetikisa kichwa, hakimu angekohoa ndani ya kiganja, na shauri lingeendelea. Jina likamganda. Hata mlinzi wa getini alipomwona asubuhi alisema, "Shikamoo Mama Kwa Kifupi," naye akajibu marahaba bila kukunja uso.

Alikuwa na elimu yake mwenyewe kuhusu Kiingereza cha haki, na hakuisomea popote zaidi ya pale pale alipokuwa akisimama. Wakili akianza na "to be fair", kwamba tutende haki, mama alijua kuna mtu anakaribia kuchapwa kofi la maneno. Wakili akisema "my point is very simple", kwamba hoja yake ni nyepesi kabisa, karani aliagiza chai, maana hapo watu watakaa. "Plain and simple", wazi na rahisi, ilitolewa pale ambapo jambo halikuwa wazi hata kwa msemaji. Na "fair and square", kwamba mtu ameshinda kwa haki tupu, hiyo aliisikia kwa washindi peke yao. Aliyeshindwa husema "fair enough", sawa basi, huku uso wake ukisema mengine.

Hiyo ya mwisho aliijua zaidi kwa sababu aliolewa nayo. Mumewe alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mtu mpole, mwembamba, ambaye kila alipokosea alikimbilia Kiingereza kama wengine wanavyokimbilia chooni. Siku alipoivunja chupa ya chai ya mkewe alisimama jikoni na ufagio mkononi akasema, "In all fairness, my dear, that flask was old," yaani, kusema haki, chupa ile ilikuwa kuukuu.

"Kwa kifupi," mkewe akasema, "umeivunja."

"Fair enough," mwalimu akajibu, akaanza kufagia. Wakacheka wote wawili, na siku ile ile wakanunua nyingine.

Sasa tumlete Wakili Maua, maana bila yeye mama angestaafu kwa amani. Alikuwa wakili kijana kiasi, viatu vinang'aa, na ulimi wake ulikuwa bustani. Hakuweza kusema kwamba mvua imenyesha bila kwanza kuitendea haki mvua. Wateja walimpenda. Hawakuelewa hata neno moja, lakini walipoona mtu anasema hivyo kwa ajili yao, walijisikia watu wakubwa. Halafu Mama Kwa Kifupi angefungua mdomo, na bustani yote ile ingegeuka shina moja la mchicha. Hilo Wakili Maua hakulisamehe. Alikaa akilisubiri kosa, na kusema kweli kosa likaja.

Lilikuja na vinyozi wawili. Mmoja aliitwa Mrefu na mwingine Kipara, na walikuwa mashemeji, kwani Mrefu alimwoa dada yake Kipara. Walikuwa na duka moja la kunyolea, viti viwili na kioo kikubwa kimoja kilichofunika ukuta mzima. Walipogombana, na chanzo cha ugomvi kila mmoja alikisimulia kivyake, walitundika pazia katikati ya duka. Pazia likakata kioo vipande viwili, na mteja aliyekaa kwenye kiti chochote aliona nusu ya kichwa chake tu. Watu walitoka pale na ndevu za upande mmoja. Mwishowe Mrefu akaenda kwa Wakili Maua kudai kioo, na mashemeji wakafika mahakamani wakiwa hawasalimiani, kila mmoja amekaa pembeni kabisa ya benchi lake.

Wakili Maua alisimama, akaweka joho sawa, akaanza kama kawaida yake kwa kumpaka mafuta yule anayetaka kumkaanga.

"In all fairness, Your Honour, the defendant is a hardworking man, and without him that shop would never have stood."

Hapo akatua, avute pumzi. Mama Kwa Kifupi akawageukia mashemeji. "Kwa kifupi, wakili wa Mrefu anasema Kipara ni mchapakazi, na bila yeye duka lisingesimama."

Kipara akainua kichwa taratibu. "Shemeji," akasema, "umesema hivyo?"

Mrefu hakuwa amesema hivyo. Alichomwambia wakili ofisini hakifai kuandikwa. Lakini alimtazama mwenzake upande wa pili, akamwona macho yamelowa. "Kwani uongo?" akasema. "Nani aliyekuwa anafungua duka wakati mimi naumwa? Si wewe?"

"Tangu tuanze duka hujawahi kuniambia."

"Na wewe hujawahi kuniuliza!"

Wakati huo huo Wakili Maua alikuwa ameendelea, kwa sauti ya kupanda: "But, plain and simple, the mirror belongs to my client, and it is only fair that he should have it." Yaani, lakini kioo ni cha mteja wangu, na haki ni apewe. Mama Kwa Kifupi aliyasikia maneno yote hayo, moja baada ya jingine. Akawatazama vinyozi, ambao sasa walikuwa wamesimama katikati ya ukumbi wameshikana mabega kama walevi. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaifuta tena. Ile "lakini" akaimeza.

Kabla wakili hajamaliza kupiga kelele za kupinga, Mrefu alikuwa ameshamwambia hakimu kwamba shauri analiondoa, kioo kibaki ukutani, na pazia atakwenda kulichana yeye mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Wakili Maua akabaki na bustani yake mkononi na hakuna wa kumpa. Siku iliyofuata malalamiko yake yalikuwa mezani kwa hakimu mkuu: mkalimani amekata maneno ya wakili katikati, na aondolewe ukumbini apelekwe masjala.

Masjala ilikuwa chini ya jengo. Kulikuwa na mafaili, vumbi, na taa moja inayokonyeza. Hakukuwa na mtu wa kumkalimania wala wa kumkatiza. Kwa mama yule, ambaye mdomo wake haukuwahi kulala mchana, hiyo ilikuwa kuzikwa na viatu miguuni. Na mimi sitamtetea hapa, maana alikuwa na makosa. Maneno ya watu unapewa uyabebe, si uyale njiani. Yeye mwenyewe alilijua hilo.

Mumewe akaona sasa ndiyo zamu yake ya kuwa na faida. Akatoa hazina yake yote. Wakaketi sebuleni wakatunga hotuba ya kujitetea mbele ya hakimu mkuu, kwa Kiingereza, mwalimu akitembea huku na huku, akiongeza hapa "fair play", pale "the benefit of the doubt".

"Si imezidi kidogo, mume wangu?"

"Haki haizidi, mke wangu. Soma tena."

Siku ya siku, katika chumba cha hakimu mkuu, waliketi wawili mezani. Mmoja alikuwa hakimu mkuu mwenyewe, mwanamke mkimya mwenye nywele fupi. Wa pili alikuwa mzee wa baraza, mkunga mstaafu aliyewekwa pale kuwakilisha wananchi, na Kiingereza chake kiliishia kwenye majina ya dawa. Kwa ajili yake aliletwa mkalimani wa ukumbi wa pili, bwana mmoja mnene aitwaye Kila Neno, ambaye hajawahi kuacha kitu. Hakimu akipiga chafya, Kila Neno aliikalimani. Wakili Maua aliketi upande mmoja akikunja na kukunjua mguu. Vinyozi nao waliitwa, wakakaa nyuma, bega kwa bega.

Mama akasimama, akainua karatasi. "Your Honour, I ask only for a fair hearing, on a level playing field, with the benefit of the doubt, in the interest of justice and fair play."

Kila Neno akavuta pumzi. "Mheshimiwa, naomba tu kusikilizwa kwa haki, kwenye uwanja wa kuchezea uliosawazishwa, pamoja na faida ya shaka, kwa maslahi ya haki, na mchezo wa haki."

Mkunga akageuka. "Uwanja? Kuna mpira leo?"

"Hapana, bibi. Anaendelea," akasema Kila Neno, na kweli mama aliendelea, naye akambeba hatua kwa hatua, mpaka mkunga akaanza kusinzia na hakimu mkuu akaanza kuchora vijiduara. Mama aliwaona. Miaka yote alikuwa amesimama upande ule mwingine, akiwacheka wanaosema hivi. Leo maua yalikuwa yake, na hayakuwa na harufu yoyote.

Mkunga akazinduka akapiga meza kwa kiganja. "Binti yangu, wewe si ndiye unayewafupishia wenzako? Ya kwako ikoje, kwa kifupi?"

Mama akaitazama karatasi. Akaikunja.

"Kwa kifupi," akasema kwa Kiswahili, na sauti ilikuwa ndogo, "niliisikia ile 'lakini' nikaimeza. Haikuwa yangu. Na kazi hii naipenda, bibi. Mkinipeleka kule chini, mtanimaliza."

Kila Neno, kwa mazoea, akaanza kuyageuza yale kwa Kiingereza, hakimu mkuu akamnyamazisha kwa mkono. Kisha akawageukia vinyozi akawasomea sentensi yote ya wakili, kwa Kiswahili, pamoja na "lakini" yake na kioo chake. Mama akainamisha kichwa. Aliona pazia linarudi kutundikwa, na safari hii kwa mikono yake.

Vinyozi wakatazamana. Kipara ndiye aliyesimama. "Mheshimiwa, hiyo 'lakini' tulikuja nayo wenyewe toka nyumbani. Tunaijua. Ile ya mwanzo ndiyo tulikuwa hatujawahi kuisikia."

"Na pazia nimeshalifanya matambara," Mrefu akaongeza, "hata tukitaka kugombana tena itabidi tununue jingine."

Mkunga akacheka mpaka akashika mbavu. Hakimu mkuu hakucheka, au alicheka kwa ndani. Alizungumza na mkunga kidogo, kisha akatoa uamuzi. Mama atabaki ukumbini. Lakini kuanzia leo, kila atakapozungumza Wakili Maua, atakalimani yote. Kila neno, kila ua, bila kupunguza wala kuruka.

Wakili Maua akainama kwa heshima, meno yote nje. Alikuwa ameshinda, tena fair and square, kama alivyomwambia karani mlangoni.

Shauri lao la kwanza baada ya uamuzi huo lilikuwa la bibi mmoja aliyedai bata wake warudishwe na jirani. Wakili Maua alisimama. Ukumbi ulijaa, maana habari hukimbia kuliko gari la polisi. Akasema kwa Kiingereza kwa muda mrefu na kwa ufundi, kisha akamtazama mama kama anayemkaribisha mezani.

Mama Kwa Kifupi akashusha miwani. "Wakili anasema: Mheshimiwa, hoja yangu ni nyepesi sana. Ili kutenda haki, na ili kuitendea haki hoja yenyewe, sina budi kwanza kusema kwamba haki ni haki, na ni haki tu kwamba haki itendeke, wazi na kwa wepesi, kwa haki yote, kwa kila upande, na kwa njia ya haki."

Bibi akamwegemea wakili wake. "Mwanangu, bata je?"

Wakili Maua akapanguza paji la uso, akaanza upya, safari hii kwa nguvu zaidi. Mama akambeba tena, hakuangusha hata punje. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akafungua mkoba wake, akatoa miwani, akaivaa, akamkagua wakili kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Kwa hiyo yote haya nimeyasikia," akasema, "na hakuna bata."

Hakimu aligeuka kutazama dirisha, mabega yakimcheza. Wakili Maua akasogea mpaka karibu na mkalimani, akainama, akanong'ona kwa Kiswahili cha nyumbani kabisa, "Mama yangu, nakuomba. Waambie kwa kifupi."

Mama akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Siruhusiwi, mwanangu," akasema, akawageukia watu, akawapa na mnong'ono ule wote kwa sauti, kila neno.