Daftari la Nasambu

Asubuhi ile mke wangu Nasambu alinimiminia chai, akavaa viatu vyake vya kutembelea, akachukua daftari. Nikamwuliza, "Leo tena kwa Opicho?"

"Opicho tulimzika juzi. Naenda kuuliza nduguze kilichomuua."

"Hata amekufa bado unamwendea."

Akacheka. "Sasa unaonea maiti wivu, Baba Mulama?"

Nilimwonea wivu kweli. Kazi ya Nasambu hapa Mbotela ilikuwa kupita nyumba za wafiwa, ili serikali ijue ukimwi umeua wangapi. Watu walimwambia malaria, kifua, kurogwa. Aliketi nao mpaka waseme kweli. Huyo Opicho na Nasambu walichukua dawa za ukimwi pamoja, kliniki moja, siku moja. Alijua ugonjwa wa mke wangu miaka miwili kabla yangu. Mimi nilipimwa nikakutwa sina, kwa hivyo hata hapo sikuwa mwenzao.

Wiki hiyo kifua kilimkamata Nasambu. Akanifia nyumbani.

Nilienda kwa chifu kuomba kibali cha kuzika. Akaniuliza, "Pole, mzee. Mama amekufa na nini?"

Nilitaka kusema kifua. Kifua kingemwacha awe wangu peke yangu, mbali na Opicho na wale wote wa daftari. Chifu alishika kalamu juu ya karatasi. Halafu nikasema ukimwi, akaandika.

Kabla hajafa, Nasambu alikuwa ameniambia, akiwa ameshika mkono wangu: "Usiniandikishe kifua, mzee. Niandikishe na wenzangu."