Mbege ya Posa kwa Mpika Ramu

Kaka yangu alinipigia simu kutoka Marangu akasema kwamba, kwa vile viza yake imegoma, mimi shangazi ndiye nitakayekwenda kumposea mwanawe Goodluck. Binti anaitwa Simone, Mjamaika mzaliwa wa hapa London, na baba yake, Mzee Desmond, anapika ramu. Goodluck alikuwa hali wala halali, maana mzee huyo alishamfukuza mchumba mmoja aliyeonja ramu yake akaomba soda ya kuchanganyia. Basi nikafanya kama tufanyavyo Wachagga, nikapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Posa bila mbege ni umbea tu.

Ndizi niliziivisha kwenye kabati la nguo, hapa Kilburn. Ulezi nilipata Harrow kwa Mhindi mmoja mzaliwa wa Moshi, aliyeniuliza kwa Kiswahili safi kama mwenye nyumba wangu anajua. Hajui, na ninyi msimwambie.

Jumamosi asubuhi nikapanda treni, kitenge ndani, koti juu, dumu mapajani. Kwa kuogopa mbege isimwagike nilikuwa nimekaza kifuniko kwa nguvu zote, na mimi kazi yangu ni kunyanyua wagonjwa. Sasa, mbege ni pombe hai, inaendelea kuchacha hata ukiwa safarini. Marehemu mama angenizaba kofi.

Tulipofika Baker Street dumu lilikuwa limevimba. Nikalipapasa kama mtoto mwenye gesi. Halikutulia, nikajaribu kulegeza kifuniko, kikaruka mpaka darini na mbege ikakifuata. Behewa zima likatazama viatu vyake. Bwana mmoja mwenye suti alitoa ulezi kwenye miwani, akaniomba radhi. Yeye! Nikamsamehe.

Canning Town nikashuka na mbege isiyojaza kikombe cha chai. Nilitaka kurudi, lakini ningemwambia nini kaka? Nikaenda hivyo hivyo, nikinuka ndizi.

Kiwandani alinipokea Mzee Desmond, mrefu, mkavu, amevaa aproni. Simone alikuwa nyuma yake, akiniangalia kwa huruma. Mzee hakuuliza habari ya harufu, akanitembeza tu. Kwanza molasi, nzito na nyeusi, kisha mapipa ambamo molasi hiyo imetiwa maji na hamira, yakitoa povu. Yote yalikuwa wazi juu. Mzee alisema pombe lazima ipumue. Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu anayelijua hilo siku zote. Halafu mtambo wa shaba, ambamo pombe huchemshwa, mvuke ukapoa, ramu ikadondoka. Jamani, kwetu mtambo kama ule ungeishia kituo cha polisi. Hapa leseni imetundikwa ukutani kwenye fremu.

Pembeni palikuwa na pipa lililofunikwa kitambaa. Mzee alisimulia kwamba babu yake, kule Jamaika, alikuwa akiweka akiba ya machicha ya kila mapishi ili yalishe mapishi yanayofuata, na baba yake alikuja nayo London kwenye chupa, ndani ya sanduku la nguo. Tangu hapo hayajawahi kuisha. Harufu yake, acheni tu. Mzee alisema hakuna mtu wa nje aliyewahi kutia kitu mle, hata tone.

Tukakaa. Akanimiminia ramu, nikainywa kavu, machozi yakanitoka, nikayasingizia mafua. Ndipo nikasema lililonileta na kumpa ile mbege iliyobaki kwenye kikombe, kwa mikono miwili. Mzee akanusa, akanywa, akatafuna ulezi taratibu.

"Umepika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na ulikaza kifuniko."

"Nilikaza."

Hakucheka. Aliinuka na kikombe, akaenda kwenye lile pipa, akafunua kitambaa, akamimina mbege iliyobaki yote. Simone akaziba mdomo. Mzee akakoroga, akarudi kukaa.

"Sasa tukigombana," akasema, "nitawatoaje?"

Sikuona aibu, nililia, na safari hii sikusingizia mafua.

Njiani kurudi nilikaa peke yangu, kila abiria alikuwa amehamia mbali. Nikampigia kaka nikamweleza nilichojifunza, kwamba wako watu ambao hawasemi ndiyo, wanakuchanganya na vyao tu, basi. Kaka akauliza kwa sauti ya kuogopa kama wamekubali au wamekataa.

Nikamwambia atafute mbuzi wa ndafu, wa kuchomwa mzima siku ya harusi.